Niko na miaka 26: muniulize mimi, si papa



Wiki iliyopita nilikuwa najaza dosie ya burse ya masta. Lisansi niko nayo, alama ni nzuri, barua ya profesa iko. Kisha nikafika ku karatasi ya mwisho: cheti cha mushahara cha wazazi na hesabu yao ya benki ya miezi 3. Niko na miaka 26. Katiba yetu ya 2006, kipengele cha 41, inasema mutoto ni ule asiyefikisha miaka 18. Lakini mbele ya ile dosie mimi ningali mutoto.

Papa ni mutumishi wa serikali. Kwenye karatasi ako na mushahara. Kwenye meza tuko watu 9, pamoja na ndugu waliokimbia vita, na minerval ya wadogo wangu inangoja. Mama anauza makala sokoni, nani atamuandikia cheti? Na hapa Goma benki zilifunga M23 ilipoingia mujini, mwisho wa mwezi wa kwanza 2025. Hesabu ya benki nitaitosha wapi?

Kusema kweli, sijitegemei. Ninalala kwa wazazi, bugali ninayokula ni ya mama. Lakini kunipa sahani ni jambo moja, kunilipia masta ni lingine. Papa alinisomesha mpaka lisansi, alimaliza. Nikimuomba tena, ni pesa za masomo ya mudogo wangu ninachukua.

Binamu yangu alifika Marekani kama mukimbizi. Huko dosie ya msaada wa serikali inaitwa FAFSA. Alipoanza chuo, akiwa chini ya miaka 24, waliuliza mapato ya wazazi. Alipoomba masta hawakuuliza tena. Kila anayesoma masta anahesabiwa anajitegemea, hata kama angali analala kwa mama yake. Tusidanganyane, si pesa za bure: kwa masta serikali yao inatoa zaidi mukopo, kawaida mpaka dola 20 500 kwa mwaka, na riba inaanza kuhesabiwa mara moja. Mimi mukopo siutaki. Ninataka lile swali tu: wewe mwenyewe uko na nini?

Maana bila burse, njia ni gani? Ukitaka kusoma Ubelgiji bila burse, mara nyingi unatafuta mudhamini mwenye mushahara wa kutosha akusainie ile annexe 32. Asiye na mudhamini anakimbilia burse, na burse nayo inamuuliza papa.

Wengine wanasema tukiondoa ile sharti, watoto wa matajiri watajifanya maskini. Wandugu, wanafanya hivyo tayari! Mutoto wa mukubwa hakosi mutu wa kumuandikia cheti chochote. Anayekwama ni mutoto wa muuza makala.

Tunaomba wanaotoa burse za masta waulize kazi ya mwombaji, pesa zake, na watu wanaomutegemea yeye. Wakitaka kujua nyumba yetu, shefu wa avenyu anaijua, wakubali karatasi yake.

Dosie yangu nitaiweka bila cheti cha mama, na barua ya kueleza sababu. Na wewe uliyekwamishwa na hii karatasi, utuandikie: ni burse gani, walikuomba nini, walikujibu nini. Tutazikusanya, tuwapelekee zote pamoja.