Gari kwa mama, bima kwa baba: kijana akigonga nani atajibu?

Ajali haina kinga, husema Waswahili. Hata hivyo, gharama za ajali zina kinga, na kinga hiyo ni bima. Leo tuizungumzie bima ya gari katika jamii ambayo baba na mama wametengana, na mtoto amefikia umri wa kushika usukani.

Tuchukue mfano. Mama anaishi Lubao, kando ya barabara ya Kakamega kwenda Webuye. Baba amehamia Nairobi. Alipoondoka aliliacha gari kwa mama, lakini logibuku ingali kwa jina lake. Kijana wao ana umri wa miaka 18, ndio kwanza amepata leseni, na kila siku ya soko mama humtuma kubeba mizigo. Baba anadhani mama amelipia bima kwa kuwa ndiye anayelitumia gari. Mama naye anadhani baba amelipa, kwa kuwa gari ni lake. Bima imekwisha na hakuna aliyeuliza, maana hawasemezani.

Je, kijana akimgonga mtu pale sokoni, nani atajibu?

Msomaji mpenzi, nchini Kenya bima hulifuata gari. Sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, inakataza mtu kuendesha gari barabarani, au kumruhusu mwingine aliendeshe, bila bima ya kuwafidia watakaoumia. Kwa hiyo mama aliyetoa ufunguo hawezi kujitetea kwamba gari si lake. Baba naye, ambaye jina lake limo katika logibuku, anaweza kushtakiwa adai fidia aliyegongwa, hata kama siku hiyo alikuwa Nairobi akinywa chai.

Bima hiyo ya lazima humlinda mtu wa nje tu. Gari lenu likibondeka, mtalitengeneza wenyewe, isipokuwa kama mmechukua bima kamili. Na hata bima kamili ina masharti yake. Kwa kawaida, dereva mwenye umri mdogo au leseni changa akipata ajali, mwenye bima hutakiwa kutoa pesa zaidi mfukoni kabla ya kampuni kulipa zilizobaki. Ndiyo sababu inafaa kumwambia ajenti mapema kwamba kijana ataendesha. Ukificha, kampuni inaweza kukataa kulipa.

Basi wazazi wafanye nini? Kwanza, amueni gari ni la nani. Kama ni la mama, baba alihamishe kupitia kwa NTSA, kisha mama achukue bima kwa jina lake. Kama litabaki la baba, andikianeni ni nani atakayelipa bima na tarehe gani, na mama abaki na nakala ya cheti. Pili, kijana asiguse ufunguo bila leseni halali. Leseni ya gari dogo hutolewa kuanzia miaka 18. Aliye chini ya hapo asitumwe hata dukani. Tatu, kama hamwezi kuzungumza bila kugombana, mtumieni shangazi au mjomba anayeheshimiwa na pande zote mbili.

Wahenga walinena kwamba wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Katika jambo hili nyasi ni wengi: kijana anayeanza maisha akiwa na kesi, mama muuza mboga kando ya barabara, abiria wa bodaboda asiyewajua wala ugomvi wenu. Mvunjikaji mguu hapo atahitaji hospitali leo, si baada ya ninyi kupatana.

Ndoa inaweza kuvunjika, lakini uzazi hauvunjiki. Kupigiana simu dakika mbili kukumbushana tarehe ya bima si kurudiana. Ni kumlea mtoto mliyemzaa wawili.