Ukurasa wa Pili wa Kaye ya Msiba

Majirani wa Mushasha, nanyi jamaa zetu mlioko Muyinga,

Kuzika tunajua. Mtu akifariki alfajiri, kufika mchana turubai limeshafungwa uani, mabenchi yameshaazimwa, na mlangoni pana meza yenye kaye, daftari la michango. Kijana mwenye mwandiko mzuri anaandika: fulani, elfu tano, fulani, elfu kumi, fulani, kreti mbili za Fanta. Kaye hiyo haipotei. Hata baada ya miaka kumi familia itaifungua ijue nani alikuja. Lakini muulize mjane cheti cha ndoa kiko wapi, atakutazama tu.

Ombi langu ni dogo: kaye hiyo hiyo tuifungulie ukurasa wa pili.

Juu kabisa tuandike: nani ataandikisha kifo? Aliyefia hospitali ana karatasi ya daktari. Aliyefia nyumbani anahitaji mashahidi, na mashahidi ndio sisi tuliokaa kwenye mabenchi. Bila cheti cha kifo, benki haitoi akiba, na shirika la hifadhi ya jamii, INSS, haianzi kushughulikia pensheni ya mjane na yatima. Tulinganishe majina mapema. Wazee wetu wengi wana jina moja kwenye kitambulisho cha karangamuntu na jingine kwenye cheti cha ndoa, na herufi moja iliyokosewa humrudisha mama ofisini mara tatu.

Kwa familia za Kiislamu jambo hili ni zito zaidi. Mjane yuko eda nyumbani, miezi minne na siku kumi. Basi shemeji au kaka azunguke ofisini kwa niaba yake, na kila karatasi atakayopewa imrudie mjane mwenyewe mkononi.

Mstari wa pili ni madeni. Siku ya guca ku mazi, kikao cha baada ya mazishi, msemaji wa familia huuliza nani alikuwa anamdai marehemu. Vizuri, ila tuulize pia marehemu alikuwa anamdai nani, na majibu yote yaandikwe. Dawa ya deni ni kulipa, lakini deni la mdomo tu huzaa kesi. Kwa Waislamu, mirathi haigawanywi kabla ya deni na wasia kutimizwa. Na simu ya marehemu ifungiwe kabatini. Pesa za Lumicash zilizo kwenye simu hiyo ni mali ya warithi wote, si za kijana anayeikumbuka namba ya siri.

Mstari wa tatu ndio unaoumiza: itongo, yaani ardhi ya ukoo. Rwanda ilipata sheria ya urithi mwaka 1999, ikampa binti haki sawa na kaka yake. Hapa Burundi muswada kama huo umelala miaka mingi, na ardhi ya ukoo bado inafuata mila: wavulana wanagawana, binti anaachiwa igiseke, kishamba cha kulima tu, na mjane anaishi kwa hisani ya mashemeji. Tusingoje Bunge ndipo tuwe waungwana. Baraza la familia likikaa, lipime ardhi hatua kwa hatua, litaje miti na mifereji ya mpaka, liandike sehemu ya mjane na ya kila binti, na wazee wa mlima, yaani wa kijiji, waweke saini. Kisha karatasi hiyo ifike kwenye huduma ya ardhi ya tarafa. Neno la mzee huzikwa naye, karatasi hubaki.

Na sisi tulio hai je? Mwaka 2017 serikali iliwataka wenzi waliokuwa wakiishi bila ndoa ya kisheria wafunge ndoa kabla ya Desemba 31. Wapo waliokwenda wakinung'unika. Leo, mume akifariki, cheti kile cha ndoa ndicho mjane anachoanza nacho kwenye kila dirisha la ofisi. Ikiwa ndoa yenu bado, nendeni tarafani wiki hii. Vyeti vya watoto wekeni kwenye bahasha moja, na mwenzako ajue ilipo.

Kwa hiyo, msiba ujao, tusichague kijana wa kaye peke yake. Tuchague na mtu mzima mmoja wa kumsindikiza mjane ofisini, na nauli yake itoke kwenye michango. Siku ya kuganduka, yaani ya kuondoa msiba, msemaji akishashukuru waliochangia, afunue ukurasa wa pili, ausome kwa sauti mbele ya mjane na mabinti, mstari kwa mstari. Pasipokamilika, aseme nani atapakamilisha na lini. Hapo ndipo tuinuke twende nyumbani.