Safari ya Mzazi Haiishii Mlangoni



Kila shule zinapofungwa mwezi wa Agosti, nyumba nyingi za Mombasa, Kwale na Malindi hupokea mgeni asiye mgeni: mama au baba aliyeteremka kutoka bara. Undugu huu si wa jana. Kituo cha serikali ya kikoloni kilianzishwa Nyeri mwaka 1902, na katika miaka ile Waislamu waliofika huko wakiwa wapagazi, askari na wachuuzi waliweka makao, wakaoa, wakajenga misikiti. Mitaa ya Majengo, Nyeri na Nanyuki, ni ushahidi wa historia hiyo. Leo wako vijana wa mitaa hiyo wanaotafuta riziki huku pwani, na wako mabinti walioolewa huku. Wazazi wamebaki kule, chini ya mlima wenye urefu wa mita 5,199, wakingoja likizo kama watoto wanavyoingoja Idi.

Mzazi akishafika, humtembeza. Meli kubwa za kitalii hutia nanga Kilindini, nasi huzitazama kwa mbali; safari ya bahari ya familia nyingi zetu ni ndogo zaidi. Ni mashua ya kutoka Shimoni kwenda Wasini, au boti ya kutoka Mokowe kwenda Lamu, na mwenye uwezo huvuka mpaka akampandisha mama yake boti ya Unguja kutoka Dar es Salaam. Mama aliyezoea mashamba ya chai na ukungu wa Nyeri hukaa juu ya maji ya chumvi, akashika ubao kwa mkono mmoja na tasbihi kwa mkono wa pili. Ni furaha kubwa, na ni ibada pia, kwani kumfurahisha mzazi ni katika wema tulioamrishwa.

Neno langu la wiki hii halihusu kwenda, bali kurudi. Kumtembeza mzazi tumejifunza. Kumrudisha kwake bado. Wiki mbili tuko naye asubuhi na jioni. Siku ya kuondoka tunamkatia tiketi, tunamfungia mizigo, tunambusu mkono. Jioni tunapiga simu: “Mama, umefika?” Naye hujibu, “Nimefika, alhamdulillahi.” Hapo twahesabu kuwa safari imekwisha, kila mmoja akarejea kwenye shughuli zake. Lakini kwa mama huyo, aliyefungua mlango wa nyumba yenye baridi na kimya baada ya siku kumi na nne za vicheko vya wajukuu, sehemu nzito ya safari ndiyo kwanza inaanza. Wema tuliomtendea huku hupimwa kule.

Tuanze na njia yenyewe. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ameifananisha safari na kipande cha adhabu, kwa kuwa humnyima mtu chakula chake, kinywaji chake na usingizi wake. Ikiwa hivyo ndivyo kwa kijana, itakuwaje kwa mwenye miaka sabini? Treni ya Madaraka Express, iliyoanza mwaka 2017, imetupunguzia taabu: mwendo wa Mombasa hadi Nairobi, takriban kilomita 480, humalizika kwa saa tano au sita. Hata hivyo treni humfikisha Syokimau tu, si Nyeri. Imebaki kuingia mjini, kutafuta gari, kisha kilomita 150 hivi za barabara kupitia Thika, Sagana na Karatina. Anayepanda treni ya alasiri hufika Nairobi usiku. Basi mkatie ya asubuhi, na ikiwa kuna jamaa Nairobi, alale huko akaendelee kesho yake mchana. Na asiende peke yake. Mwana, ndugu au mjukuu aliyekwisha baleghe awe mahramu wake njiani, ambebee mizigo na amshike mkono kwenye ngazi.

Sala nayo ina hukumu zake. Kwa madhehebu ya Imamu Shafii tunayoyafuata wengi pwani, ruhusa ya kupunguza sala hukoma msafiri anapoingia mji wake. Mama akishaingia Nyeri, husali rakaa nne. Mwanawe mwenye makao Mombasa, aliyemsindikiza kwa siku mbili tatu, bado ni msafiri. Lakini akisali nyuma ya imamu aliye mkaazi, naye hutimiza nne. Mwenye hali isiyo ya kawaida amuulize imamu wake. Tena yako mafundisho mema ya kurejea: Mtume alikuwa akitoka safari huanza msikitini kwa rakaa mbili, na alikataza mtu kuwagutusha watu wake kwa kuingia usiku bila ya taarifa. Basi jirani aliyeachiwa ufunguo apigiwe simu mapema, nyumba ifunguliwe madirisha, na uji uwe jikoni.

Sasa nitaje afya, na hapa naomba kila binti na kila mkaza mwana asome kwa utulivu, kwani yamo mambo yanayoweza kuokoa roho.

Kwanza, mtu aliyeshuka kutoka chomboni huweza kuhisi ardhi ikiyumba chini ya miguu yake, kana kwamba bado yuko majini. Kwa wengi hali hiyo huondoka baada ya saa chache au siku mbili. Kwa mzee, hatari yake ni kuanguka. Apumzike siku nzima kabla ya kuianza safari ya bara, na siku za mwanzo nyumbani ashikwe mkono aendapo chooni usiku. Ikiendelea, aonwe na daktari.

Pili, miguu. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2007 kuwa kukaa kitini bila kujinyoosha kwa saa nne au zaidi huongeza karibu mara mbili uwezekano wa damu kuganda ndani ya mishipa. Jambo hilo si la kila siku, lakini umri mkubwa na unene huliongeza. Njiani anywe maji, ainuke, atembee behewani. Akisharudi, mkitazama miguu yake mkaona mmoja umevimba, una maumivu au joto, au pumzi zikambana ghafla, msimsugue kwa mafuta mkangoja. Mpelekeni hospitali siku ile ile. Dalili hizi huweza kuchelewa hata wiki kadhaa baada ya safari.

Tatu, na hili ndilo nalitilia mkazo kuliko yote, malaria. Mji wa Nyeri uko juu, kiasi cha mita 1,750 kutoka usawa wa bahari, na kwa ubaridi wake mbu wa malaria hawastawi kama huku kwetu. Kwa hiyo aliyezeekea kule mwili wake hauna mazoea ya ugonjwa huo. Akiumwa na mbu Mombasa au Lamu, homa haimshiki siku ile. Kwa kawaida vimelea hukaa mwilini siku 7 hadi 30 kabla ya dalili kutokea. Maana yake ni kwamba homa humjia akiwa amekwisharudi Nyeri, amevaa sweta mbili, na kila amwonaye husema, “Ni baridi hiyo, amebadilisha hewa ghafla.” Hupewa tangawizi na dawa ya mafua, siku zikapita, na malaria kwa mzee ni ugonjwa wa kuua. Basi kumbukeni sentensi moja na mumfundishe mama mwenyewe, jirani yake na kila atakayempeleka zahanati: “Alikuwa pwani mwezi huu, apimwe damu ya malaria.” Na huku kwetu, alale ndani ya chandarua chenye dawa tangu usiku wa kwanza; tena kabla hajateremka, aulize hospitalini kuhusu dawa za kinga.

Nne, moto. Agosti Nyeri ni mwezi wa manyunyu na ukungu. Aliyetoka kwenye joto la Mombasa huiona baridi ya kwao kuwa kali maradufu, akaingiza jiko la makaa chumbani na kufunga madirisha. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu, monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, nayo humwua mtu usingizini bila ya yeye kujua. Mnunulieni blanketi nzito, soksi za sufi na chupa ya maji ya moto ya kulalia. Fedha ya zawadi nyingine ipunguzwe, hizi zisikosekane.

Tano, dawa zake za kila siku. Wenye shinikizo la damu au kisukari hubeba dawa za kuwatosha likizo, nao hurudi na pakiti tupu. Hakikisheni ana vidonge vya wiki mbili zaidi kabla hajapanda treni.

Baada ya mwili, moyo. Mzazi akirudi hurudi na hadithi, na hadithi huhitaji masikio. Sisi tuliokuwa naye baharini twaona hakuna jipya la kusimuliwa. Lakini yeye hakuwa na nafasi ya kuyapanga aliyoyaona. Sasa ndiyo anayapanga. Mpigie simu kila siku kwa wiki ya kwanza, si kwa kuuliza “umekula?” tu. Muulize lipi lililomstaajabisha Lamu, muulize kama amewaeleza akina mama wa msikitini habari za punda vichochoroni. Mpe mjukuu mmoja akae naye siku zilizobaki za likizo, ili ukimya usimwangukie kwa mara moja.

Majirani nao wana haki, na majirani wa Nyeri wengi si wa dini yetu. Wao ndio waliomlishia kuku na kumwangalizia nyumba, ndio wamwitao cucu kwa mapenzi kama bibi yao wa kumzaa. Katika mizigo yake tia halua, kashata, ubuyu na achari ya embe kwa kiasi cha kugawanya. Mtume alimwusia Abu Dharr aongeze maji katika mchuzi ili jirani apate. Mtu aliyetoka safari hakosi cha kumgawia jirani. Tena zawadi hiyo ina kazi nyingine: mama akiipeleka kwa mkono wake, jirani ataketi naye, atasikiliza, na kesho atapita kumtazama.

Limebaki jambo zito, nalo ni masimango. Safari kama hii hugharimu, na mara nyingi mtoto mmoja ndiye aliyelipa. Wakiisha kurudi, simu za ndugu huanza: nani alitoa kiasi gani, nani hakutoa, kwa nini picha zimewekwa kwenye kundi la familia na fulani hayumo. Mama husikia. Mwenye kutoa ameshapata heshima. Asiipoteze kwa ulimi. Sura ya Al-Baqara, aya ya 264, yatuonya tusizibatilishe sadaka zetu kwa masimango na maudhi, na ikiwa hivyo ni kwa maskini wa mbali, mzazi ni zaidi. Na kabla ya kuzisambaza picha zake, mwombeni ruhusa. Stara yake haikuachwa Mombasa. Aliyekosa uwezo wa kuchangia tiketi, sasa ndiyo zamu yake: alale kwake usiku mbili, ampeleke kliniki, amtengenezee paa. Wema huo haupungui thamani kwa kuwa haukupigwa picha.

Sura ya Al-Israa, aya ya 23, yatukataza kumwambia mzazi hata neno dogo la kuchoshwa naye. Kwa kawaida twalifikiria neno hilo kuwa ni la mdomoni. Lakini simu isiyopokelewa, gari la kukodi lililomshusha barabarani usiku, homa iliyopuuzwa kwa kuitwa baridi, yote hayo humfikia mzazi kama neno lile lile.

Abu Daud na Tirmidhi wamepokea hadithi ya dua tatu zisizorudishwa: dua ya aliyedhulumiwa, dua ya msafiri, na dua ya mzazi. Mama aliye njiani kutoka kwako kwenda Nyeri amekusanya mbili kati ya hizo tatu. Akifika na kuvua viatu, moja humalizika. Ya pili hubaki naye mle ndani, na ni juu yetu tuifanye iwe ni dua ya kutuombea kheri.

Mwenyezi Mungu awape wazazi wetu afya, awarehemu waliotangulia, na azijaalie safari zetu, za kwenda na za kurudi, kuwa katika mizani ya mema. Wabillahi tawfiq.