Lebo ya gauni si kadi ya kliniki

Jumapili iliyopita jirani yangu alinigongea mlango akiwa na gauni mkononi na mwanawe mgongoni. Gauni la mtumba, zuri, amelitoa Karume. Lebo yake Gymboree, imeandikwa miezi 12. Binti ametimiza mwaka wiki hiyohiyo, na gauni linamburuza.

"Mdogo wangu, wewe si unaandika mambo ya afya? Huyu mtoto amedumaa?"

Alishaulizia duka la dawa bei ya sirapu ya kuongeza hamu ya kula. Nikamwomba aiache kwanza, tuanze na lebo.

Gymboree ilianza California mwaka 1976 kama madarasa ya michezo ya watoto wadogo na wazazi wao. Nguo zilikuja miaka kumi baadaye. Ikawa na mamia ya maduka, na mwaka 2010 ikanunuliwa na Bain Capital kwa dola bilioni 1.8, sehemu kubwa ikiwa mkopo ambao kampuni yenyewe ndiyo ilibaki kuulipa. Mwaka 2017 ilikimbilia mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai. Januari 2019 ikarudi tena, na safari hii maduka yakafungwa. Jina likanunuliwa na mshindani wake, The Children's Place. Nguo zake za zamani bado zinatua kwetu ndani ya marobota.

Biashara hii ina utamu wake. Mtoto mchanga huongeza uzito mara mbili akifika miezi mitano hivi, na mara tatu akitimiza mwaka, kwa hiyo mama hana budi kurudi dukani kila baada ya miezi michache. Tena mnunuzi mara nyingi ni shangazi au rafiki anayekwenda kumwona mzazi. Kilo za mtoto hazijui, umri anaujua. Lebo ya miezi inamrahisishia. Lakini Marekani hakuna sheria inayolazimisha "miezi 12" iwe kipimo kimoja kila duka. Kila kampuni ina jedwali lake. Kwa Carter's, ambayo nayo imejaa kwenye mitumba, nguo ya miezi 12 hukatwa kwa mtoto wa kuanzia kama kilo 9 na nusu.

Sasa fungua kadi. Viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006, vilivyotokana na watoto wa nchi sita, Ghana ikiwamo, vinaweka wastani wa msichana wa mwaka mmoja kwenye kilo 8.9. Yaani binti mwenye afya njema kabisa anaweza kupwaya ndani ya gauni la umri wake. (Nguo nyingi za Ulaya zina afadhali: 74 au 80 kwenye lebo ni urefu wa mtoto kwa sentimita.)

Kilichonishtua mimi ni kadi yenyewe. Tangu chanjo ya surua ya miezi 9, jirani hakurudi kliniki.

"Si chanjo ziliisha?"

Hazijaisha, surua ya pili ni miezi 18. Na hata kama zingeisha, mzani upo palepale. Lebo ilimtisha, lakini ingeweza pia kumtuliza bure. Kuna mtoto anayeenea nguo ya umri wake huku mstari kwenye kadi umelala miezi miwili, na huyo ndiye wa kuwahishwa kwa muuguzi. Udumavu nao hauonekani kwenye mzani peke yake. Ni urefu ukilinganishwa na umri, kwa hiyo omba mtoto apimwe na urefu; usiposema, siku nyingine foleni ikiwa ndefu wanaruka.

Jumatatu alikwenda. Kilo 8.7, sentimita 73, mstari unapanda. Sirapu hakununua. Gauni amelikunja kabatini, anasema litamwenea Krismasi.