Subaru: Kilimia chenye injini iliyolala

Wengi hapa Kenya wanaijua Subaru kwa mlio wake, na kwa Colin McRae aliyeshinda nayo Safari Rally mwaka 1997. Lakini je, wajua kwamba Subaru ni Kilimia kwa Kijapani? Ndizo nyota zile zile wakulima wetu walizozitazama kujua majira! Kampuni ilizaliwa 1953 kutokana na mabaki ya Nakajima, waliokuwa wakiunda ndege.

Mimi kama mtu wa programu navutiwa na injini. Tangu Subaru 1000 ya mwaka 1966 pistoni zimelazwa, nusu kushoto, nusu kulia. Uzito unakaa chini na gari linatulia kwenye kona. Uamuzi mmoja wa usanifu, na hadi leo bado wanaishi nao. Wenye magari nao wanaulipia: plagi zimejificha ubavuni, na zile injini za zamani za lita 2.5 zina sifa mbaya ya kuunguza gasketi ya silinda hedi. Petroli usiulize.

Hata hivyo wanazitetea kama timu ya mpira, nami niko upande wao, kwa sharti moja. Ukitaka ya mtumba, mlipe kwanza fundi anayezijua Subaru aikague, ndipo umlipe muuzaji. Wa kukwambia "ni kama Toyota tu" mkimbie.