Kasi Hairithiwi Mlimani

Miongoni mwa imani zilizozoeleka nchini Tanzania kuhusu riadha, iliyokita mizizi kuliko nyingi ni ile inayodai kwamba mtu aliyezaliwa na kukulia milimani tayari ni mkimbiaji, kwamba pumzi yake ameipata kwa hewa ya juu na miguu yake kwa miteremko, na kwamba kilichobaki ni kumsimamisha kwenye mstari na kumwambia akimbie. Katika kata ya Ngujini, wilayani Mwanga, kwenye Milima ya Upare ya Kaskazini, imani hii hutamkwa kama sifa, na kwa sababu inasikika kama sifa ni wachache wanaoihoji. Ukweli ni kwamba inamdhulumu mkimbiaji wa ridhaa, yaani yule anayekimbia bila mshahara wala mkataba, baada ya kazi za shamba, za darasani au za dukani, akiwa na lengo moja la kumaliza umbali fulani chini ya muda fulani aliojiwekea mwenyewe. Akifaulu, huambiwa kwamba mlima ndio uliomkimbiza. Akishindwa, huambiwa kwamba hakuzaliwa nazo. Kwa vyovyote vile, kazi yake haihesabiwi.

Mbio za masafa ya kati, ambazo maarufu zaidi ni za mita 800 na mita 1500, zinafaa sana kuupima uongo huu, kwa kuwa ni ndefu kiasi cha kudai pumzi na fupi kiasi cha kudai kasi, na hakuna kimoja kati ya hivyo viwili kinachoweza kuficha upungufu wa kingine. Uchukuliwe mfano wa mkimbiaji anayemaliza mita 1500 kwa dakika 5 na sekunde 30, naye anataka kushuka chini ya dakika 5. Kwa sasa kila mita 100 zinamchukua sekunde 22. Lengo linamtaka azikimbie kwa sekunde 20, mara 15 mfululizo, pasipo kusimama. Tofauti ni sekunde 2 katika kila mita 100, na mtu asiyewahi kukimbia kwa saa ya kupimia huziona kuwa si kitu. Lakini sekunde 20 kwa mita 100 ni mwendo wa mita 5 kila sekunde, sawa na kilomita 18 kwa saa, na mwendo huo ndio unaopaswa kuwa msingi wa mjadala wote, kwa sababu hakuna mkazi wa Ngujini anayepanda mlima kwa mwendo huo, iwe anakwenda shuleni, gulioni au kwenye kuni.

Hapa ndipo imani hiyo inapoanza kuporomoka. Mwili hujifunza kile unachofanyishwa, na kanuni hiyo ndiyo mhimili wa elimu ya mazoezi. Mtu anayepanda njia ya mlima kwa miguu kila siku hujenga moyo imara, misuli ya vigimbi na ya makalio yenye nguvu, na uvumilivu wa saa nyingi. Hayo ni mali, wala hakuna sababu ya kuyabeza. Lakini hatua ya kupanda ni fupi, mguu hukaa chini kwa muda mrefu, na mishipa ya fahamu haijifunzi kuamuru misuli ikaze na kulegea upesi kama inavyotakiwa kwenye mwendo wa mita 5 kwa sekunde. Kushuka nako kuna hasara yake, kwa maana misuli ya mbele ya paja hulazimika kujizuia huku ikivutwa, na kazi ya namna hiyo ndiyo inayoleta maumivu makali ya siku ya pili na kumfanya mtu afike mazoezini akiwa amechakaa. Mlima hutengeneza mpandaji, naye mpandaji akitaka kuwa mkimbiaji wa mita 1500 ana jambo jingine la kujifunza.

Kama miteremko peke yake ingetosha, basi wakimbiaji wakubwa kuliko wote katika Upare wangekuwa wanawake, ambao kwa vizazi wamepanda na kushuka njia zilezile wakiwa na ndoo za maji, mizigo ya kuni na mikungu ya ndizi kichwani, na mara nyingi mtoto mgongoni. Hakuna anayewaita wakimbiaji. Wanaosifia mlima hawawataji kabisa, na ukimya huo unatosha kuonyesha kwamba sifa yenyewe haikutokana na kuchunguza watu wa milimani wanavyoishi.

Kuhusu hewa, hoja inahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu ndani yake mna punje ya ukweli. Kadiri mtu anavyopanda juu, kanieneo ya hewa hupungua na oksijeni inayoingia kwenye damu hupungua pia; figo huitikia kwa kutoa homoni iitwayo erithropoyetini, ambayo huuamuru uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu nyingi zaidi, nazo chembe hizo ndizo zinazobeba oksijeni hadi kwenye misuli. Lakini mwitikio huo huwa wa maana kwa mwanariadha kuanzia mwinuko wa mita 2000 hivi na kuendelea, ndiyo maana kambi mashuhuri za mazoezi, kama zile za Iten nchini Kenya, ziko kwenye mwinuko wa takriban mita 2400. Kilele kirefu kuliko vyote katika Milima ya Upare ya Kaskazini, yaani Kindoroko, kina mita 2113 tu juu ya usawa wa bahari, na watu wanaishi chini yake. Faida ya hewa kwa mkazi wa Ngujini ni ndogo mno kuweza kubeba uzito wa imani iliyojengwa juu yake. Tena hata kule ambako faida hiyo ni kubwa, hewa nyepesi huwazuia wakimbiaji kushika kasi ya mashindano katika mazoezi, na wengi hulazimika kushuka sehemu za chini kwa ajili ya kazi ya kasi.

Historia ya riadha ya Tanzania nayo inatoa ushahidi dhidi ya imani hii. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, alishinda mbio za mita 1500 za Michezo ya Jumuiya ya Madola kwa dakika 3, sekunde 32.16, akaweka rekodi ya dunia kwa kuongoza tangu mlio wa bastola hadi utepe, huku John Walker wa nchi mwenyeji akimfuata kwa karibu na kumaliza naye pia chini ya rekodi ya zamani. Mwaka 1975, mjini Kingston, Jamaika, akavunja pia rekodi ya dunia ya maili. Wenye kuamini milima humtaja Bayi kama kithibitisho chao. Lakini nyanda za juu za Karatu na Mbulu zimejaa maelfu ya watu waliovuta hewa ileile, na hakuna aliyekimbia kama yeye. Na tangu mwaka 1974 hadi leo hakuna Mtanzania aliyemaliza mita 1500 kwa muda bora kuliko ule, ilhali milima iko palepale. Kilichobadilika katika nusu karne hiyo ni mashindano, makocha, viwanja na uzito ambao taifa linaupa mchezo wenyewe. Suleiman Nyambui, aliyepata medali ya fedha ya mita 5000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, hakutoka mlimani. Alitoka Majita, kando ya Ziwa Victoria. Katika michezo hiyohiyo Bayi naye alipata fedha, safari hii katika mita 3000 za kuruka viunzi na maji, yaani mbio tofauti kabisa na zile zilizompa jina, na ujuzi wa kuvuka viunzi hauletwi na hewa ya mahali popote.

Nje ya Afrika Mashariki mambo ni yaleyale. Bingwa wa Olimpiki wa mita 1500 wa mwaka 2021 mjini Tokyo, Jakob Ingebrigtsen, alikulia Sandnes, mji wa pwani nchini Norway. Wa mwaka 2024 mjini Paris, Cole Hocker, anatoka Indianapolis, katikati ya tambarare za Marekani. Nepal na Bolivia, nchi zenye watu wengi wanaoishi juu kuliko Mpare yeyote, hazijawahi kutoa bingwa wa dunia wa umbali huo. Mtu anaweza kujibu kwa kuitaja Kenya, na jibu hilo lina haki ya kusikilizwa, kwa kuwa Bonde la Ufa limetoa mabingwa wengi kupita kiasi cha kuitwa bahati. Lakini anayeitazama Iten kwa makini ataona shule ya St Patrick's, ambako Brother Colm O'Connell kutoka Ireland alifika mwaka 1976 na kuendelea kufundisha riadha kwa miongo mingi. Ataona mamia ya vijana wanaokimbia kwa makundi alfajiri, kila mmoja akijua mwenzake amekimbia kwa muda gani. David Rudisha, Mmaasai kutoka Kilgoris, alipitia mikononi mwa mwalimu huyo kabla ya kukimbia mita 800 kwa dakika 1, sekunde 40.91 jijini London mwaka 2012. Mwinuko ulisaidia, bila shaka. Lakini aliyeupanga mwinuko huo ukawa mazoezi ni binadamu.

Kwa mkimbiaji wa ridhaa, hata hivyo, mfano wenye manufaa zaidi ni wa Roger Bannister, mwanafunzi wa udaktari aliyekuwa akijizoeza katika muda mfupi alioupata katikati ya masomo yake, na ambaye tarehe 6 Mei 1954, mjini Oxford, alikuwa binadamu wa kwanza kukimbia maili moja chini ya dakika 4, kwa dakika 3, sekunde 59.4. Msingi wa mazoezi yake ulikuwa mbio za vipande, yaani umbali mfupi unaorudiwa mara kadhaa kwa kasi iliyopangwa, na mapumziko yaliyopimwa katikati: mara 10 za yadi 440, ambazo ni zaidi kidogo ya mita 400. Wakati fulani muda wake kwa kila kipande ulikwama kwenye sekunde 61 na ukakataa kushuka. Hakuongeza mazoezi, aliacha kukimbia kwa siku chache, akaenda na rafiki yake kupanda majabali huko Scotland, na aliporudi alikimbia kipande kwa sekunde 59. Kwake yeye mlima ulikuwa mahali pa kupumzikia.

Tukio hilo linaivunja pia imani pacha ya ile ya kwanza, isemayo kwamba asiye na kipaji hana budi kujitesa, akimbie kila siku hadi atapike. Misuli haijengeki wakati wa kukimbia. Hujengeka katika usingizi na siku nyepesi zinazofuata, na mwenye kazi ya jembe asubuhi anahitaji siku hizo kuliko mtu mwingine yeyote. Sahani ya makande inampa wanga na protini ya kutosha kuanzia, na maharage yake yana madini ya chuma ambayo damu inayahitaji, ingawa chai ikinywewa pamoja na chakula hupunguza kiasi cha madini hayo kinachofyonzwa, hivyo ni heri ingoje.

Mkimbiaji anayetafuta dakika 5 anahitaji, basi, mahali tambarare palipopimwa, saa, na daftari. Uwanja wa mpira wa shule wenye urefu wa mita 100 na upana wa mita 60 una mzunguko wa mita 320. Mizunguko minne na mita 220 inatimiza mita 1500, na majivu yakimwagwa penye alama za kila mita 100 mkimbiaji anajua papo hapo kama ametumia sekunde 20 au 22. Saa iliyomo ndani ya simu ya kitochi inatosha. Siku moja kwa wiki anakimbia vipande vitano vya mita 400, kila kimoja kwa sekunde 80, ambayo ndiyo kasi ya lengo lake, akipumzika dakika 3 katikati. Wiki zikipita na mwili ukizoea, mapumziko yanapunguzwa kidogo kidogo wakati sekunde 80 zinabaki zilezile. Siku nyingine anakimbia vipande vya mita 200 kwa kasi zaidi ya hiyo, ili mwendo wa lengo uache kuonekana mkali. Siku zinazobaki ni za mbio za taratibu, za kiwango ambacho mtu anaweza kuongea bila kuhema, na hapo njia za mlimani zinapata nafasi yake halali, kwa kuwa sehemu kubwa ya nguvu inayotumika katika mita 1500 bado inatokana na oksijeni na pumzi ndefu haiepukiki.

Kinachokosekana Ngujini, basi, ni vipimo. Mbio kubwa za ukanda huu, Kilimanjaro Marathon zinazofanyika Moshi kila mwaka, ni za barabarani na za umbali mrefu. Anayependa mita 800 au 1500 hana mahali pa kujipima baada ya kumaliza shule, na walio shuleni hupata nafasi hiyo katika UMITASHUMTA na UMISSETA, yaani michezo ya shule za msingi na ya sekondari, ambako wengi hufika kwenye mstari bila kuwahi kuujua muda wao. Futi kamba moja ya mita 50, watu wawili na alasiri moja vinatosha kuupima uwanja wa shule. Walimu wa michezo na viongozi wa kata waifanye kazi hiyo kabla ya msimu ujao, waandike muda wa kila mtoto na wa kila mtu mzima atakayekuja, na waache kuwaambia kwamba mlima umeshawafundisha.