Akili Haina Kitivo



Muulize mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anasoma nini. Wa udaktari au uhandisi atakutajia kozi yake na kunyamaza. Wa historia au Kiswahili mara nyingi ataongeza maelezo ambayo hukumuuliza: hesabu zilimshinda, nafasi zilijaa, alipangiwa tu. Anajitetea kana kwamba ana kosa.

Hukumu hii huanza mapema. Kidato cha tano, tahasusi za sayansi kama PCM na PCB huonekana ni za vipanga, na za sanaa kama HKL na HGL ni za waliobaki. Tunaipinga. Ushindani wa kuingia kwenye kozi hutokana na uchache wa nafasi, na heshima yake hufuata ajira. Hayo ni mambo mazito kwa kijana wa familia isiyo na uwezo, lakini hayapimi akili.

Chukua mfano wa historia. Mwaka 1968, wanafunzi wa historia wa chuo kikuu, Dar es Salaam, walikwenda kusini kukusanya masimulizi ya wazee kuhusu Vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani, vya 1905 hadi 1907. Wazee wawili wakitofautiana, ilibidi kujua nani alishuhudia na nani alisimuliwa, nani ana sababu ya kuficha jambo, na nyaraka za Wajerumani zimenyamazia nini. Asiyeweza kupima ushahidi unaopingana hafai kwenye kazi hiyo, kama asivyofaa maabara.

Swali zuri nalo halifuati kitivo. Mwaka 1969, Erasto Mpemba na Denis Osborne, aliyefundisha fizikia chuoni hapo, walichapisha makala kuhusu maji ya moto kuganda kabla ya maji baridi. Mpemba aliliona jambo hilo akitengeneza aiskrimu shuleni Magamba, na alipouliza alichekwa. Makala ilipotoka, alikuwa katika chuo cha Mweka akisomea usimamizi wa wanyamapori. Wanafizikia wanabishania swali lake hadi leo.

Kuzipanga fani kwa akili kuna gharama. Mwaka 2015, watafiti Sarah-Jane Leslie, Andrei Cimpian na wenzao walichapisha matokeo ya utafiti uliohusisha wanataaluma zaidi ya 1,800 wa fani 30 nchini Marekani. Kadiri wanataaluma wa fani fulani walivyoamini kwamba kazi yao inahitaji kipaji cha kuzaliwa, ndivyo wanawake walivyokuwa wachache miongoni mwa wahitimu wa uzamivu. Falsafa ilikuwa juu kabisa katika imani hiyo, fani ambayo kwetu mzazi akiisikia huuliza, "Utaajiriwa wapi?" Basi ngazi hii ya akili imejengwa na watu, na kila mahali imejengwa kivyake.

Katika toleo hili, hatukutaja kitivo cha mwandishi juu ya makala yoyote. Soma hoja kwanza, uipime kwa ushahidi wake. Nawe mwanafunzi, ukiulizwa unasoma nini, taja fani yako, kisha taja swali unalolifanyia kazi. Hapo ndipo mtu atakapoijua akili yako.

Mhariri